Shaba Ndani ya Mtutu: Inakotoka, Inavyozuiwa na Inavyoondolewa



Nimeombwa nizungumzie usafi wa mitutu ya bunduki. Mada hiyo ni pana, na nikiibeba yote tutakesha hapa. Nitazungumzia uchafu wa aina moja tu, yaani shaba inayobaki ndani ya mtutu kila risasi inapopita. Naona humu ukumbini askari wa wanyamapori, wanamichezo wa kulenga shabaha, mafundi wa karakana na wanafunzi wa uhandisi. Askari amezoea kulichukulia jambo hili kama zamu ya usafi, mwanamichezo huliona kwenye karatasi yake ya shabaha, na fundi hupata riziki humo. Mimi ni mtu wa metali, na msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeuafiki apate muda wa kujiandaa. Shaba mtutuni huzuiwa kwanza kwenye risasi yenyewe, kwenye baruti, na kwenye uso wa ndani wa mtutu. Ufito wa kusafishia na chupa ya dawa vinakuja mwisho. Tena mitutu mingi iliyoharibika haikuharibiwa na shaba, iliharibiwa na watu waliokuwa wakiitoa.

Tuanze na kinachotokea mle ndani. Chukueni bunduki ya jeshi la Marekani ya Springfield ya mwaka 1903, ikitumia risasi ya mwaka 1906, ile ambayo wawindaji dunia nzima wanaijua kwa jina la .30-06. Kichwa cha risasi hiyo kilikuwa na uzito wa gramu 9.7 hivi na kilitoka mdomoni kwa mwendo wa takriban mita 820 kwa sekunde. Mtutu una matuta na mifereji iliyojipinda, nayo hukizungusha kichwa mzunguko mmoja kwa kila sentimita 25.4. Pigeni hesabu: kikitoka, kinazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde. Safari yote inachukua muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde, huku nyuma yake kukiwa na gesi yenye joto linalopita nyuzi 2,000. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Na matuta yenyewe, yenye kimo cha kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ni lazima yajichimbie kwenye vazi la risasi, yaani gamba la metali ya shaba linalofunika kichwa chake, la sivyo yasingeweza kuizungusha. Kwa hiyo kusema mtutu usiguse shaba kabisa ni kusema bunduki isipige. Tunachobishania ni kiasi gani kinabaki, na kinabaki wapi.

Fundi aliyewahi kupiga tupa kwenye shaba au alumini atanielewa upesi. Tupa hujaa. Chembe laini hunasa kati ya meno, chembe nyingine hunasa juu ya zile za kwanza, na baada ya muda tupa haikati tena bali inakwaruza. Fundi mzoefu hupaka chaki kwenye tupa kabla ya kuanza, na akimaliza huipiga brashi kufuata mwelekeo wa meno. Mtutu uliotobolewa na kupanuliwa kiwandani una meno ya namna hiyo. Chombo cha kupanulia tundu huzunguka, kwa hiyo alama zake hukaa kukingama njia ya risasi. Kila alama ni jino dogo linalosubiri shaba, na shaba ikishanasa, risasi ijayo inapita juu ya shaba, na shaba kwa shaba hushikana kirahisi zaidi.

Leo kuna kamera nyembamba zinazoingizwa mtutuni, na bei yake si ya kutisha tena. Mkipata nafasi angalieni. Mtaona shaba haikutandazwa sawasawa. Mbele kidogo ya chemba, pale matuta yanapoanzia, ambapo mafundi hupaita koo, chuma huwa na nyufa ndogo ndogo zilizotokana na kupashwa moto na kupoa ghafla, risasi baada ya risasi. Kingo za nyufa hizo hukwangua vazi la risasi, na sehemu ya shaba iliyokwanguliwa huchukuliwa na gesi ikiwa ya moto mno, ikaenda kugandia mbele. Ndiyo maana asiye na kamera bado anaweza kuona kitu. Hakikisha bunduki ni tupu, toa bolti, uelekeze mdomo wa mtutu kwenye jua la asubuhi na uuinamishe kidogo. Mifereji itang'aa kijivu. Juu ya matuta, sentimita moja au mbili za mwisho, utaona utepe mwekundu uliofifia, wakati mwingine upande mmoja tu. Utepe huo mwembamba peke yake usikutie hofu. Ukiona umekuwa mnene, wenye mabaka yanayozidiana kimo, hapo kuna la kuzungumza.

Jambo hili halikuwapo siku zote. Waliokuwa Tanga Novemba 1914 walishuhudia zama mbili za bunduki zikikutana katika pigano moja. Kampuni nyingi za askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, zilikuwa bado zinatumia bunduki za Kijerumani za muundo wa mwaka 1871, zenye tundu la milimita 11, baruti nyeusi, na vichwa vya ledi tupu, yaani madini ya risasi yasiyo na vazi. Kila ukipiga, wingu la moshi lilimwonyesha adui ulipo. Wanajeshi wa Uingereza waliotoka India walikuwa na bunduki za baruti isiyo na moshi. Mitutu ya wa kwanza ilijaa masizi na ledi, mambo ambayo maji na brashi viliyamaliza. Mitutu ya wa pili ilikusanya metali ngumu zaidi, na maji hayakuisumbua hata kidogo.

Metali hiyo ilitoka kwenye uvumbuzi wa mtu mmoja na ulazima wa mwingine. Mwaka 1882, huko Thun, Meja Eduard Rubin wa Uswisi alitengeneza risasi ya ledi iliyovikwa shaba. Miaka miwili baadaye Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel. Kwa mwendo huo mpya ledi tupu ingechanika kwenye matuta badala ya kuyafuata, kwa hiyo kila jeshi likatafuta vazi. Wengi walichagua mchanganyiko wa shaba na nikeli, mweupe wa kupendeza, mgumu, usioshika kutu hewani. Uingereza iliuweka kwenye risasi za .303, Marekani kwenye za kwake. Kwa vichwa virefu na vizito vilivyokwenda mita 600 na kitu kwa sekunde, haukuleta kelele nyingi. Mwendo ulipopandishwa hadi mita 820, kelele zikaanza.

Mchanganyiko wa nikeli haukuacha utepe mwembamba. Uliacha mabonge. Yaliganda karibu na mdomo, ya rangi ya fedha iliyochafuka, na risasi iliyopita juu yake ilitoka imechubuka upande mmoja. Mlengaji aliyeanza siku akipiga katikati ya shabaha, kabla ya jioni alikuwa anatawanya, na brashi ya waya haikuyang'oa mabonge yale. Jeshi la Marekani likatengeneza dawa ya maji ya amonia kali iliyochanganywa na chumvi mbili za amonia, kaboneti na pasulfeti. Utaratibu wake unastahili kusimuliwa. Chemba ilizibwa kwa kizibo. Mdomoni kulivikwa kipande cha bomba la mpira ili dawa ijae kupita ukingo wa mtutu, pasiwe na mstari ambapo chuma kiko nusu ndani ya dawa na nusu hewani, kwa sababu penye mstari huo ndipo kutu ilipoanzia. Ikaachwa kwa kama nusu saa, ikamwagwa ikiwa buluu, mtutu ukaoshwa, ukakaushwa, ukapakwa mafuta. Aliyechelewa, aliyeacha tone likakauka, aliyetumia dawa iliyokwisha kuharibika, alikuta mtutu umeliwa.

Si ajabu basi kwamba walengaji wa mashindano walitafuta njia ya mkato. Walichovya vichwa vya risasi kwenye grisi ya magari, aina moja iliyoitwa Mobilubricant, na mabonge yakapungua kweli. Lakini grisi ilienea hadi chemba. Baruti inapowaka, ganda la risasi hutanuka na kushika kuta za chemba, hivyo sehemu ya nguvu ya kurudi nyuma hubebwa na chemba. Kuta zikiwa na grisi, ganda huteleza na mzigo wote huangukia bolti.

Kisha likaja bati. Mwaka 1921, katika mashindano ya taifa ya Camp Perry, jimbo la Ohio, jeshi lilitoa risasi zilizopakwa bati. Mitutu ilibaki safi ajabu. Ila bati, taratibu na bila moto wowote, lilijishikiza kwenye shingo ya ganda la shaba njano hadi kichwa na ganda vikawa karibu kitu kimoja. Presha haikupanda kupita kiasi maadamu shingo ya ganda ilipata nafasi ya kutanuka na kukiachia kichwa. Walengaji walionywa wasiweke grisi. Baadhi waliweka, kwa mazoea tu, grisi ikaijaza nafasi ile ndogo kati ya shingo na chemba, shingo ikakosa pa kwenda, na bunduki zikaharibika. Julian Hatcher, afisa wa silaha wa jeshi hilo, aliyasimulia haya kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1947. Wanaopenda kusema kwamba wazee wa zamani hawakukosea nawashauri wakitafute.

Suluhisho la mwaka uliofuata halikuwa dawa wala kipako. Walibadilisha vazi lenyewe. Nikeli ikaondoka, zinki ikaingia: shaba asilimia 90 au 95, zinki iliyobaki. Mabonge yakatoweka, ukabaki ule utepe mwembamba tunaoujua leo, na mchanganyiko huo ndio unaovika risasi nyingi hadi sasa. Kinachonishangaza mimi ni kwamba Wafaransa walikuwa na risasi ya shaba na zinki, 90 kwa 10, tangu mwaka 1898. Jibu lilikuwa ng'ambo ya bahari kwa zaidi ya miaka 20 huku watu wakimimina amonia.

Nimekaa sana kwenye historia hii kwa sababu inaonyesha uzito wa kila njia. Amonia ilisafisha na kuharibu. Grisi ilizuia na kuhatarisha. Bati lilizuia kabisa na likahatarisha zaidi. Kubadilisha metali ya vazi kulipunguza tatizo kwa kiasi ambacho hakuna msafishaji angekifikia, na hakukumdai askari jambo lolote la ziada.

Funzo hilo lilirudi tena karne ilipokaribia kwisha. Kampuni ya Barnes ya Marekani ilitoa mwaka 1989 risasi ya kuwindia ya shaba tupu, isiyo na ledi ndani. Shaba tupu ni laini na hunata kuliko ile yenye zinki, na kichwa kisicho na kiini laini hakibonyei kirahisi matuta yanapokibana. Wawindaji wakalalamika kuwa mitutu inajaa. Mwaka 2003 kampuni hiyo ikatoa toleo lenye mifereji iliyokatwa kuzunguka kiwiliwili cha risasi: eneo linalogusa mtutu likapungua, na shaba inayosukumwa na matuta ikapata pa kukaa. Malalamiko yakapungua sana. Jambo hili linawahusu hasa walinzi na wawindaji, kwani risasi zisizo na ledi zinazidi kuenea kwa sababu ndege wala mizoga hufa kwa sumu ya ledi. Jimbo la California limezuia ledi kwa uwindaji wote tangu mwaka 2019. Yeyote atakayehamia risasi za shaba tupu ajue anahamia pia kwenye usafi wa aina nyingine, na achague zenye mifereji.

Sasa baruti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wapiga mizinga wa Ufaransa waligundua kwamba bati likiwekwa pamoja na baruti, shaba iliyoachwa na pete za makombora hupungua. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, bismathi kwenye 271, ledi kwenye 327. Katika moto wa baruti metali hizi hugeuka mvuke na matone, hukutana na shaba iliyoganda kwenye kuta, na shaba hiyo ikichanganyika nazo hukatikakatika badala ya kunata. Kombora linalofuata huisukuma nje. Kiwanda cha DuPont kiliweka bati kwenye baruti zake za bunduki katika miaka ya 1920, na mizinga ya meli za kivita za Marekani ilitumia karatasi ya ledi kwa kazi hiyo hiyo. Siku hizi bismathi imechukua nafasi kubwa, maana haina sumu ya ledi. Mwaka 2012 kampuni ya Hodgdon ilileta sokoni baruti iitwayo CFE 223, na herufi zile tatu za mwanzo ni kifupi cha maneno yanayojisifu kwamba inafuta shaba. Inapunguza, haifuti. Lakini kwa mtu anayepiga risasi mamia kwa wiki, kupunguza huko ni kazi inayofanyika yenyewe bila ufito kuingia mtutuni.

Tunaingia kwenye matibabu ya mtutu wenyewe, na hapa wauzaji ni wengi kuliko wataalamu.

Njia ya kwanza na bora ni kusugua tundu kiwandani. Fundi humimina ledi ya moto ndani ya mtutu ikajitengenezea kizibo chenye umbo la matuta na mifereji ile ile, akakipaka unga wa msasa uliochanganywa na mafuta, kisha akakisukuma na kukivuta kwa mkono. Anahisi mkononi penye ubano na penye ulegevu. Alama za kukingama huondoka na mikwaruzo inayobaki hufuata njia ya risasi, ambako hainasi shaba. Ni kazi ya subira, na ndiyo tofauti kubwa kati ya mtutu wa mashindano na mtutu wa bei ya chini.

Kipo kipako cha kromu, cha bunduki nyingi za kijeshi, AK ikiwemo. Kromu ni ngumu, haishiki kutu, na huvumilia joto la kupiga mfululizo. Upungufu wake ni kwamba unene wake si rahisi kuufanya sawa kila mahali, ndiyo maana wapiga shabaha wa hali ya juu huiepuka. Ipo njia ya kuingiza naitrojeni kwenye ngozi ya chuma kwa joto la nyuzi mia tano na kitu. Haiongezi tabaka, huigeuza ngozi yenyewe kuwa ngumu, kwa hiyo vipimo havibadiliki kwa kiasi cha kusumbua. Sharti lake: mtutu uingie kwenye matibabu ukiwa safi kabisa, usiwe na masizi wala shaba. Mimi nikiulizwa bunduki ya askari wa porini ifanyiwe nini, nasema moja ya hizi mbili, na mjadala wa chupa uishie hapo.

Njia nyingine ni kupaka vichwa vya risasi unga mkavu wa kuteleza. Katika miaka ya 1990 molibdeni disulfidi ilikuwa gumzo la viwanja vya shabaha. Shaba ilipungua, lakini watu waligundua kwamba mtutu wenye unga huo huhitaji risasi kadhaa kabla haujatulia, kwamba mwendo hubadilika, na kwamba unga ukichanganyika na masizi huweka tabaka gumu kulitoa. Baadaye likaja boroni naitridi, jeupe na lisilochafua mikono. Ni chaki ya kwenye tupa, na kama chaki, lazima uendelee kuipaka.

Na risasi zilizopakwa msasa, zinazopigwa ili zisugue mtutu? Kwa mtutu wenye ukwaru mbaya zinaweza kusaidia. Ila hukata zaidi pale kooni, sehemu ile ile ambayo joto linaimaliza. Sizipendekezi kwa mtu asiye na kamera ya kutazama anachofanya.

Mtaulizwa pia kuhusu kuuzoeza mtutu mpya, yaani kupiga risasi moja na kusafisha, moja na kusafisha, kwa raundi kadhaa. Watengenezaji wengine wanaipendekeza, wakieleza kwamba risasi za mwanzo hulainisha alama za kukingama zilizobaki kooni. Fundi mashuhuri wa mitutu wa Marekani, marehemu Gale McMillan, aliipinga waziwazi akisema inawanufaisha wauza mitutu. Kwangu mimi, mtutu uliosuguliwa vizuri hauna cha kuzoezwa, na mtutu mbovu hautengenezwi na risasi kumi. Ukitaka fanya, lakini usiufanye ufito uwe chanzo cha uchakavu katika siku ya kwanza.

Basi ufito wenyewe. Bunduki iwe tupu, nawe umehakikisha kwa macho na kwa kidole. Safisha kutoka upande wa chemba kila inapowezekana, kwa ufito wa kipande kimoja, ukipitia kwenye bomba la kuongozea ili usipinde na kusugua koo. Jeshi la Uingereza liliwapa askari wake kamba yenye uzito wa shaba njano mwisho, na askari wa King's African Rifles waliokuwa na .303 waliijua vizuri. Kamba ikishika mchanga na kuvutwa kwa pembe, hukata mfereji kwenye ukingo wa mdomo, na mdomo ukiliwa upande mmoja gesi huisukuma risasi kando inapotoka. Mitutu mingi ya zamani iliyokataliwa kwa kutopiga sawa ilimalizwa na kamba hiyo. Askari hao hao walifundishwa kumimina maji yanayochemka mtutuni baada ya kupiga. Hayo hayakuwa ya shaba. Viwashio vya zama zile vilikuwa na potasiamu kloreti, nayo huacha chumvi inayovuta unyevu wa hewa, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, huyeyuka kwenye maji. Mwaka 1922 Wilbert Huff wa Marekani alilithibitisha hilo kitaalamu. Sehemu ya sifa iliyopewa dawa ya amonia, naamini, ilistahili kwenda kwa maji yaliyokuwa ndani yake.

Shaba haiyeyuki kwenye maji wala kwenye mafuta ya kawaida. Amonia, ikisaidiwa na oksijeni ya hewa, huichukua na kutengeneza kiungo cha buluu nzito. Pitisha kwanza vitambaa vyenye dawa ya masizi, maana masizi na shaba hukaa kwa matabaka, na dawa ya shaba haipenyi tabaka la masizi. Kisha kitambaa kilicholowa dawa ya shaba, uache dakika chache kama chupa inavyoelekeza, usizidishe. Kitambaa kikavu kitakachofuata kitatoka na mistari ya buluu, miwili, minne au sita, kulingana na idadi ya matuta ya mtutu wako. Mistari hiyo ndiyo inayokuambia unatoa shaba ya mtutu. Ukiona buluu imeenea katikati ya kitambaa, palipogusana na ncha ya ufito, angalia ncha hiyo: kama ni ya shaba njano, umeyeyusha kifaa chako mwenyewe. Wapo wanaosugua siku nzima wakifuata buluu isiyokwisha, kumbe ni ya ncha au ya brashi. Tumia ncha ya plastiki au ya chuma cha pua, na brashi ya nailoni.

Dawa zisizo na amonia zipo nyingi sasa, hazina harufu kali, na hufanya kazi polepole. Kwa bunduki ya kituoni, ambayo inaweza kukaa na dawa muda mrefu zaidi, mimi huzipendekeza hizo. Zenye amonia zitumiwe penye hewa, mbali na jiki, kwani amonia na dawa za klorini zikikutana hutoa gesi inayodhuru mapafu. Tena msiziweke karibu na sanduku la risasi. Zamani huko India maganda ya shaba njano ya jeshi la Uingereza yalikuwa yanapasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, na mwaka 1921 watafiti wa Kiingereza walieleza kisa chake: mvuke wa amonia, uliotoka hata kwenye mikojo ya farasi, ulikuwa unaishambulia shaba njano iliyokuwa bado na mkazo wa kiwandani.

Ukimaliza, ondoa dawa yote, kausha, pitisha mafuta kidogo. Kabla ya kupiga tena, pitisha kitambaa kikavu.

Na usafishe lini? Hapa ndipo ninapogombana na wengi. Mtutu uliotoka kusafishwa hadi chuma kitupu mara nyingi haupigi risasi ya kwanza pale pale zinapokwenda zinazofuata. Kiasi kidogo cha shaba hujaza vinyweleo vya chuma, kikatulia, na mtutu ukapiga sawasawa kwa muda mrefu. Wawindaji wengi hupiga risasi moja au mbili kabla ya safari na hawasafishi shaba hadi warudi. Kipimo changu ni karatasi ya shabaha. Ikiwa matundu bado yanakusanyika kama kawaida yake, toa masizi, paka mafuta, iache shaba. Matundu yakianza kutawanyika, au kamera ikionyesha mabaka yaliyopandana, hapo toa shaba yote, kisha uhesabu risasi hadi yatawanyike tena. Andika hesabu hiyo kwenye daftari la bunduki. Ikiwa inapungua kila mara, ilikuwa 200, ikawa 100, ikawa 40, koo limekwisha. Fundi anaweza kuukata mtutu upande wa nyuma na kutengeneza chemba upya ikiwa urefu unaruhusu, au ufungwe mtutu mpya.

Nakaribisha maswali. Ningependa yaanzie kwa askari wa wanyamapori, maana bunduki zao hulala nje mvua ikinyesha, na hilo sikuligusa vya kutosha.